Mimi Ndiye Niliyekuwa Napima Masikio

Nyinyi mabinti mnaoanza kazi ya kulea watoto kwenye vituo vya halmashauri, nawaona mkipita sokoni na sweta zenu za kijani na vitambulisho shingoni. Sitawaficha, roho inaniuma. Sisi hatukuwahi kupewa sweta. Tulivaa kanga juu ya kanga, na aliyekuwa na koti la mumewe alionekana tajiri. Nyinyi mna vyeti, na mna karatasi inayowaambia mtoto kazaliwa siku gani kabla mtoto mwenyewe hajafutwa kamasi. Mimi nina darasa la saba na mikono miwili. Kwa hiyo mnaposoma haya jueni kwamba anayewaandikia ana wivu. Ila kazi anaijua.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye chekechea ya halmashauri huku milimani. Wazee waliiita shule ya vidudu, na mpaka leo wapo wanaoiita hivyo. Kijiji sikitaji, maana walioko pale sasa hawana kosa. Watu nitawataja. Mwalimu Edina alikuwa mkuu wa kituo. Mama Ester, mlezi wa zamani, ndiye aliyenifundisha kazi. Saida tulianza naye wiki moja, mimi Jumatatu na yeye Alhamisi, na hizo siku tatu nilizomtangulia nilizishika kama cheo. Juu yetu sote alikuwa Bwana Mbelwa, afisa aliyesimamia vituo vya watoto. Alikuwa akija na pikipiki ya serikali, anaiacha ikinguruma mlangoni mpaka watoto wote wanatoka nje kuitazama. Mama Ester ametangulia mbele ya haki. Mwalimu Edina anaishi Tanga kwa mwanawe. Mbelwa alihamishwa na kupandishwa. Mimi nimebaki huku huku, nauza njegere.

Niwaambie kwanza kuhusu masikio.

Zamani watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kadi ya kliniki ililiwa na panya au ilitumika kuwashia moto. Mama ukimuuliza mwanao ana miaka mingapi, anakwambia alizaliwa mwaka ule viazi vilipooza shambani. Viazi vilioza miaka mingi. Basi tulipima kwa mkono. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, anashuka nao upande wa pili mpaka kwenye sikio la kushoto. Wa darasa la kwanza anatakiwa alishike sikio lenyewe. Wa kwetu, wa chekechea, tulitaka kidole kiguse ncha ya juu tu. Kikigusa, ameingia. Kisipogusa, arudi mwakani.

Mnacheka. Lakini ile kazi ilikuwa na ufundi. Mtoto lazima asimame wima, visigino chini, kidevu kisiinuliwe. Mtoto akilaza kichwa kulia, anaokota ncha mbili za kidole bila wewe kujua. Kuna kina mama waliokuwa wanawafanyisha watoto mazoezi nyumbani mwezi mzima. Yupo mmoja alimpaka mwanawe mafuta ya kupikia begani, sijui alitaka mkono uteleze utoke. Mtoto alifika ananuka maandazi, wenzake wakamfuata kutwa.

Na Mama Ester alinifundisha kwamba mkono peke yake ni shahidi mmoja. Angalia na meno. Mwangalie anavyoshuka ngazi, anaweka miguu miwili kila ngazi au mmoja mmoja. Muulize amekuja na nani, usimuulize ana miaka mingapi, maana atasema mia.

Mwaka wangu wa kwanza kupima nililetewa mapacha. Wa kwanza akagusa. Wa pili, hata umwombee, hakugusa. Mimi nikasimama na utaratibu wangu. Nikamwambia mama yao, "Huyu ameingia, huyu mwakani."

Akanitazama. "Dada, hawa walitoka siku moja. Mmoja saa nne, mwingine saa nne na nusu. Huyo wa nusu saa ndiyo unamnyima mwaka?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mama Ester akaja, akawashika wote wawili mkono, akawaingiza. Baadaye tukiwa tunaosha vikombe akaniambia, "Mama Yona, mkono haujui tarehe. Wewe ndiye unayejua. Mkono unakusaidia tu."

Sikumwelewa. Nilipenda kupima kwa sababu ndiyo kazi pekee ambayo watu waliniamkia kwa sauti ya chini.

Sasa kofia. Mtashangaa kwa nini uandikishaji wetu ulikuwa Julai, mwezi wa baridi kali kuliko yote. Ni kwa sababu halmashauri huanza mwaka wake wa bajeti Julai, na sisi tulikuwa watoto wa bajeti. Basi mstari unapangwa asubuhi, ukungu umekaa uani kama mgeni asiyeaga, na kila mtoto amevishwa kofia ya sufu iliyofumwa nyumbani, nene, imeshuka mpaka kwenye nyusi na kufunika masikio, kamba imefungwa chini ya kidevu. Mtoto akipimwa na kofia, mkono unapanda juu ya sufu na kushuka kwenye sufu. Anapungukiwa na upana wa kidole kizima. Ukimvua, anagusa.

Mama Ester alikuwa anawavua wote, bila kujali mzazi analia nini. "Kichomi, Mama Ester, mtoto atapata kichomi." Anajibu, "Dakika moja tu, mama, Mungu alimuumba bila kofia." Kwa sababu hiyo watu waliuogopa mstari wake. Kila mwaka mstari wake ulikuwa mfupi na wangu mrefu, kwa kuwa mimi nilikuwa namwachia mzazi aamue. Nilijiona nina huruma. Ila nikimpenda mzazi, nilisema, "Mvue kidogo, mama." Na nisipompenda, nilinyamaza. Bwana Mbelwa alilijua hilo kabla yangu. Akija na watoto wa wenzake wa ofisini, alisimama nyuma yangu na kusema, "Huyu mvue." Wa wakulima wakija, alikuwa anatazama pikipiki yake.

Nafasi zilikuwa thelathini, na mstari ulifika barabarani.

Nije kwa Saida.

Saida alikuwa darasa la saba kama mimi, wa ukingo ule ule wa mlima, hata kisima tulichota kimoja. Lakini mtoto anayelia nikimbeba mimi alinyamaza kwa kuogopa. Akibebwa na Saida alinyamaza na kulala. Watoto walinitii mimi, yeye walimpenda, na mtu asiwadanganye kwamba hivyo viwili ni sawa. Nilimwonea wivu kwa mwandiko wake. Nilimwonea wivu kwa namna alivyokunja kanga. Hata kikohozi chake nilikionea wivu, maana yeye akikohoa watu wanasema pole, mimi nikikohoa wanasogeza vikombe.

Mwaka wa nne Mwalimu Edina akamtoa jikoni, akampeleka ofisini kuandika daftari la watoto. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya mahindi yenye dirisha, lakini ilikuwa na kiti, na kile kiti kilikuwa na godoro dogo la kukalia. Mimi nikabaki na sufuria ya uji na ndoo ya choo. Uji wa watoto sitini asubuhi na mchana, nakoroga na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na kila nikiinua macho namwona Saida dirishani, kalamu mkononi, amekaa. Niliuunguza uji siku tatu mfululizo wiki ile. Mwalimu Edina akasema labda kuni zimebadilika. Kuni zilikuwa zile zile.

Nilimwendea Mwalimu Edina. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye niliyetangulia."

"Kwa siku ngapi, Mama Yona?"

"Tatu."

Alifunika mdomo na daftari asicheke. Namtaja hapa kwa hilo pia.

Saida alikuwa na mtoto mmoja, Zuhura. Mumewe aliondoka kwenda kutafuta maisha na hayo maisha yakamficha. Zuhura alilelewa na bibi yake, mama wa Saida, na Saida akaja kazini. Halafu yule bibi akafariki, Mei ya mwaka ule ninaousema. Saida akawa anakuja na mtoto mgongoni, anamwacha acheze na wengine. Mbelwa akapiga marufuku. Alisema wazazi wamelalamika kwamba watoto wa wafanyakazi wanakunywa uji wa watoto walioandikishwa. Mfanyakazi ambaye mtoto wake hana nafasi kituoni asije naye. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama meza. Zuhura akipata nafasi Julai, Saida anabaki kazini. Asipopata, hana wa kumwachia, anarudi nyumbani. Kila mtu pale alijua, na mimi nilijua kuliko wote, kwa sababu nilikuwa ninalala nalo.

Siku ya kupima ikafika. Saida alikabidhi daftari kwa Mwalimu Edina, akaenda kupanga mstari kama mzazi mwingine. Nilipomwona yuko kwenye mstari wangu nilishangaa. Wa Mama Ester ulikuwa na watu sita tu. Nikasema moyoni, amekuja kunitambia. Amekuja nimpime mwanawe kwa mkono wangu, nimwingize, halafu kesho akae tena dirishani anitazame nikikoroga.

Alisogea mbele na kunisalimia vizuri. Zuhura alikuwa na kofia nyekundu ya sufu, kamba yake imefungwa fundo mara mbili. Akaniamkia, "Shikamoo mama mkubwa." Mtoto mwenyewe alikuwa ananiita mama mkubwa.

"Marahaba. Haya, mkono juu."

Akapandisha mkono. Kidole kikapita juu ya sufu, kikashuka, kikasimama upana wa kidole kabla ya sikio. Alijitahidi. Aliuma ulimi. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikivuta ile kamba anagusa. Meno yalisema ni wa umri. Ngazi za uani alishuka mguu mmoja mmoja, nilimwona asubuhi. Nikamtazama Saida nikingoja aseme neno, aombe. Angeomba, labda ningemvua. Nilitaka aombe. Hakuomba. Alikuwa anatazama chini.

"Bado," nikasema. "Mwakani."

"Asante, Mama Yona," akasema, na akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Mama Ester aliona kutoka mstari wake. Hakuniambia kitu siku ile wala kesho yake. Lakini kuanzia siku ile hakuniita tena tukaoshe vikombe pamoja.

Wiki haikuisha, Saida akaandika barua ya kuacha kazi, sababu ni malezi ya mtoto. Na kiti akapewa nani? Mimi. Mwalimu Edina alisema hakuna mwingine anayejua majina ya watoto wote. Nilipokaa mara ya kwanza nilikuta lile godoro limekaa umbo la Saida. Nililigeuza.

Siku ya nane nikiwa kwenye kiti, Bwana Mbelwa aliingia na kufunga mlango wa stoo. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati.

"Mama Yona, hawa wanane waandike mwakani kabla ya siku ya mstari. Wawe wa kwanza."

"Wamepimwa, bosi?"

"Wewe si ndiye mpimaji? Basi wamepimwa."

Nikacheka. Naona aibu kuandika hilo, lakini nilicheka, kwa sababu afisa alikuwa ananitania mimi, mama wa uji. Julai iliyofuata niliandika majina manane. Nafasi thelathini zikawa ishirini na mbili, na mstari barabarani ulikuwa ule ule. Ili hesabu ikae sawa, wanane wa mstari ilibidi wasiguse masikio. Mama Ester alikuwa amestaafu, mstari ukawa mmoja, wangu, na kofia zikabaki vichwani. Julai ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Kila mwaka karatasi ya Mbelwa ilikuwa na majina mapya, wa fulani wa ofisini, wa shemeji ya fulani, wa mwenye gari linalobeba kabichi za mheshimiwa.

Watu si wajinga. Walianza kunung'unika kisimani, halafu baada ya ibada, halafu msikitini, na mwisho wakaandika barua ya malalamiko na kuweka vidole gumba, ukurasa mzima wa vidole. Barua ilisema watumishi wa kituo wanagawa nafasi kwa kujuana, na mama anayepima masikio anapima anavyotaka. Halmashauri ikatuma watu wawili kusikiliza. Mkutano ukafanyika uani kwetu, wazazi wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti masikioni.

Mkulima mmoja wa mboga, Mzee Kaoneka, alisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyaleta yote.

"Waheshimiwa, mjukuu wangu amepimwa miaka mitatu. Mara ya kwanza tukaambiwa bado. Sawa. Mara ya pili bado. Mwaka huu nimemleta, ananisaidia kubeba jembe, bado. Mimi naomba kuuliza, tusubiri aote ndevu ndiyo aje kuimba a, e, i, o, u?"

Wakacheka hadi wageni. Mama mmoja nyuma akasema, "Mzee, akiota ndevu mkono utafika." Wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, kwa kujikaza.

Halafu mgeni mmoja akanigeukia. Akauliza kwa upole, "Mama, nani anaamua majina yanayoingia kwenye daftari?"

Mbelwa alikuwa amesimama mlangoni na helmeti yake. Hakunikonyeza, hakunitisha. Alikuwa ananitazama tu kama mtu anayetazama kiti chake. Na mimi nilichokifikiria pale, nawaambia ukweli, ni kile kiti. Nilifikiria mwiko.

"Masikio ndiyo yanaamua, mheshimiwa," nikasema.

Wakaandika. Baada ya miezi michache Mbelwa akahamishwa, na huko alikokwenda akapewa gari badala ya pikipiki. Mwalimu Edina alijua kila kitu, alikuwa anasaini daftari kila Julai bila kufungua kurasa za mbele. Mimi nilikaa kwenye kiti mpaka walipokuja kuondoa watumishi wote wasio na cheti cha kidato cha nne. Dakika tano tu, nikakabidhi ufunguo wa stoo kwa binti mwenye umri wa mwanangu. Alikuwa na sweta.

Saida huku nyuma alikuwa akilima na kusoma. Alisoma jioni na vitabu vya kuazima, akafanya mtihani wa kidato cha nne wa kujitegemea akafeli, akafanya tena akafaulu, akaenda chuo cha ualimu Zuhura akiwa msichana mkubwa. Leo ndiye mratibu wa vituo vya watoto, yule ambaye akiingia chumbani nyote mnasimama. Mimi habari zake nilikuwa nazisikia moja moja kama mtu anayehesabiwa viboko. Amefaulu. Amemaliza. Amerudi na cheo. Nikajifariji na kitu kimoja tu, kibaya, lakini kilikuwa changu: kwamba mimi nilimtoa pale. Nilikuwa na dhambi yangu na ilikuwa kubwa. Mtu aliyekukosea sana walau ni mtu mkubwa kwako.

Mwaka huu, siku ya gulio, alikuja kwenye meza yangu kununua njegere. Nywele zimeanza mvi kama zangu, lakini zake zimependeza. Tukaamkiana, tukaulizana watoto. Zuhura anauguza wagonjwa hospitali fulani, amesema, na ana mtoto. Nilikuwa nampimia njegere kwenye kopo, nikaona nisipolitoa leo nitakufa nalo.

"Saida," nikasema, "siku ile ya Zuhura. Mtoto alikuwa wa umri. Ningemvua kofia angegusa. Sikumvua kwa sababu ya wivu. Nilitaka kiti chako."

Alichukua ganda moja la njegere, akalipasua, akala punje zake moja moja.

"Najua, Mama Yona."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijapanga mstari." Akatupa ganda. "Mistari ilikuwa miwili. Wa Mama Ester ulikuwa na watu sita. Ningepanga kule, Mama Ester angemvua, Zuhura angeingia."

Nikammiminia kopo la pili.

"Mbelwa aliniletea karatasi ya majina manane Juni," akasema. "Akaniambia, mwanao akiingia na hawa wataingia, tumeelewana? Ningemkatalia kwa mdomo angenifukuza, na angeandika jambo baya kwenye faili langu nisiajiriwe tena popote. Nilitaka mtoto akataliwe mbele ya watu, kwa utaratibu, niondoke kwa sababu ya malezi. Nilihitaji mtu wa kunikatalia bila mimi kumwomba. Nikakufikiria wewe. Lile fundo nililifunga mara mbili kusudi, usije ukapata huruma."

Alisema bila ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejua la kujibu. Mabinti, mimi nimewahi kuchekwa na Mwalimu Edina na kutolewa kazini kwa dakika tano, lakini hakuna kilichoniuma kama kuambiwa na Saida kwamba wivu wangu ulikuwa unategemewa, kama basi la asubuhi. Hata lile kosa kubwa nililodhani ni langu alikuwa amelipanga yeye. Nikamwonea wivu tena, pale pale, kwenye meza ya njegere.

"Kwa hiyo ile karatasi ikaja kwangu," nikasema.

"Ikaja kwako. Uliandika?"

"Niliandika. Miaka mitatu."

"Majina unayakumbuka?"

Nikamtajia. Wanane wa mwaka wa kwanza, wanane wa pili, wanane wa tatu, na baba zao, na ofisi za baba zao. Nilikuwa nayo yote kichwani kama maombi. Watu wa meza ya jirani waliacha kupima viazi wakasikiliza. Nikamaliza nikiwa na fahari kidogo, Mungu anisamehe.

Saida akauliza, "Na waliorudi nyumbani?"

"Wepi?"

"Wale wanane wa kila mwaka uliowaambia bado. Wako watu wazima sasa. Wengine wapo hapa sokoni, wamebeba magunia. Ni kina nani?"

Mzee Kaoneka nilimkumbuka, na utani wake wa ndevu, lakini jina la mjukuu wake sikuwahi kuuliza. Nilikumbuka kofia ya bluu. Nilikumbuka mtoto mmoja mwenye kovu la moto kidevuni. Nilikumbuka wanavyouma ulimi wakijitahidi. Jina la Zuhura nilikuwa nalo. Jingine sikuwa nalo hata moja. Daftari lilikuwa na mistari ya walioingia tu, na mimi niliyelishika sikuona kinachokosekana.

Saida alinisaidia kufunga mfuko wake wa njegere, akaagana nami kwa heshima, akaenda zake.

Basi ndiyo nimewaandikia. Mbelwa alileta karatasi, Edina alisaini, mimi niliandika kwa mkono wangu na nikawadanganya wageni mbele ya wazazi. Kazi ya masikio imekwisha, hamtaihitaji. Lakini nafasi bado hazitoshi, na mstari bado unafika barabarani, nimeupita wiki iliyopita. Chukueni daftari la pili. Kila mtoto mtakayemwambia bado, mwandikeni humo, jina lake, la mzazi wake, na nani aliyesema bado, na kwa nini. Daftari hilo msimpe afisa. Mimi nimeanza la kwangu. Nakaa na meza yangu ya njegere, na kila kijana mwenye gunia anayepita namuuliza alisoma chekechea wapi. Mpaka sasa ninao wawili.